Moshi Wenye Harufu ya Asumini

Binti yangu hapendi mafuta ya nyonyo. Nikimkalisha katikati ya magoti nimsuke, akiiona ile chupa tu anabana pua, anauliza kwa nini nisimpake yale ya dukani yanayonukia nanasi. Namwambia atulie, kichwa ni chake lakini mikono ni yangu. Sijamweleza bado kwamba harufu hiyo ikinipanda puani mabega yangu hushuka yenyewe, kama mtu aliyeletewa habari kwamba mgonjwa wake amekula. Wengi wa umri wangu mafuta ya nyonyo yanawakumbusha kuharishwa kwa lazima. Mimi yananikumbusha siku mama yangu alipokuwa anaondoka, akabaki.

Tulikaa Kaole, nyumba moja na Bibi, mzaa baba. Baba alikuwa fundi wa pampu kwenye mashamba ya chumvi, zile pampu zinazovuta maji ya bahari na kuyamwaga kwenye majaruba, jua liyanywe, chumvi ibaki. Alikuwa mtu wa maneno machache na spana nyingi. Mama alikuwa wa Mkange, huko juu njia ya Saadani, na maneno hayakumpungukia. Baba yake mzazi alikuwa mlevi wa gongo; Mama alikua akitumwa kumwokota njiani na kumrudisha nyumbani huku watoto wenzake wakicheka. Ndiyo maana alipoposwa alitoa sharti moja tu, na sharti hilo alilirudia mbele yangu mara nyingi, kwa sauti ya kawaida, kama anayekumbusha kwamba sukari imekwisha: "Nyumba ya ulevi nimekwisha kuishi. Siku nikikuta pombe kwa mume wangu, mimi na mwanangu tutalala Mkange." Baba alitabasamu tu. Hakuvuta hata sigara, na swala haikumpita. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote hadi siku nilipofungua sanduku lake la spana.

Nilikuwa natafuta waya mwembamba wa kutungia shanga. Chini ya matambara nikakuta chupa ya plastiki imejaa kitu cheupe kinachong'aa, na nilipofungua kizibo kitu kile kilinipiga machoni kabla ya kufika puani. Harufu ilikuwa ya zahanati, ya ile pamba wanayokupaka kabla ya sindano, ila kali zaidi. Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa ametuonya kwamba pombe nyingine humdanganya mtu kwa kuwa nyeupe kama maji. Nikafunga, nikarudisha matambara yalivyokuwa, nikaenda uani kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, maana niliogopa dhambi isije ikapanda.

Kuanzia hapo kila alichofanya Baba kilikuwa ushahidi. Zamani akitoka kazini alinawa, akatawadha, akapitiliza msikitini. Sasa akawa anajimwagia maji uani, anabadilisha nguo zote, na zile za kazini anazifua mwenyewe, mwanamume ambaye tangu nizaliwe sikuwahi kumwona na sabuni ya kufulia mkononi. Siku moja alirudi na kidole kimefungwa kitambaa chenye damu, akasema pampu imemng'ata. Mimi nilijua walevi huanguka.

Kisha nikamsikia akimwomba Bibi mafuta ya nyonyo. Bibi alikuwa mpishi wa mafuta hayo anayesifika. Alikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha mpaka mafuta yakaelea, akayaengua taratibu, na wanawake walitoka hata Bagamoyo mjini kuyafuata. Baba alisema ni ya kuchua mgongo, akasisitiza apewe yaliyo mazuri kabisa. Bibi akamjazia chupa. Nami nikakumbuka alichonisimulia mwenzangu wa dawati moja, ambaye mjomba wake alikuwa mnywaji wa kujulikana: kwamba wanywaji hodari hutanguliza mafuta tumboni ili kileo kiteleze kisishike. Niliiamini habari hiyo kuliko nilivyoamini jedwali la kuzidisha.

Mwishowe nilimfuata. Ilikuwa alasiri, wafanyakazi wengine wameshaondoka, nami nikajificha nyuma ya tuta upande wa mikoko. Kwenye jaruba kavu chumvi ilikuwa inawaka kwa jua kiasi kwamba ilibidi nimtazame Baba kwa jicho moja. Alikuwa peke yake katikati ya weupe ule, amenyoosha mkono mbele, anazunguka. Pampu zilinguruma, au mimi nilidhani ni pampu. Alizunguka palepale, akazunguka tena, mtu mzima, fundi wa watu, kisha akayumba, akapiga hatua za upande kama kaa, akakaa chini kwa kishindo. Sikungoja zaidi. Nilikimbia hadi nyumbani nikilia bila sauti, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba Mama asijue.

Kulinda siri ya mtu mzima ni kazi nzito kwa mtoto. Nilianza kumwahi Baba mlangoni, nampokea shati kwa adabu iliyomshangaza kila mtu. "Mke mwenzangu siku hizi ana mapenzi," Bibi akasema, maana ndivyo alivyoniita kwa utani. Lakini siku moja Mama alinitangulia. Nilimkuta uani ameliinamia lile shati, akalileta puani, akalishikilia hapo muda mrefu kuliko mtu anayenusa jasho. Alipolishusha uso wake ulikuwa umefungwa. Hakugomba. Ningefurahi kama angegomba. Tangu siku hiyo akawa anakuna nazi bila kuimba, na Baba akimsalimia anaitika kama anayemwitikia mgeni wa jirani.

Mimi nilijua amenusa pombe. Ilinichukua miaka kujua alichonusa hasa. Alinieleza nimeshaolewa, huku anachambua mchele, kama anayesimulia mambo ya nyumba ya pili. Alinusa asumini. Asumini, mkadi na karafuu. Mume alitoka na harufu ya grisi, akarudi ananukia kama biharusi aliyemaliza kusukwa. Pombe haikumjia akilini hata kidogo, yeye alikuwa anamtafuta mwanamke mwenye harufu hiyo. Kwa hiyo tulikuwa wawili ndani ya nyumba ile, kila mmoja amekumbatia hofu yake, na hofu zenyewe hata hazikujuana.

Siku niliyorudi kutoka madrasa nikakuta furushi barazani, moyo wangu ulishuka hadi kwenye kandambili. Mama alikuwa ameshavaa baibui. Akaniambia kwa upole niende nikaoge, tunakwenda kuwasalimia ndugu zake Mkange. Huenda ningemwamini, lakini furushi lilikuwa limetuna upande mmoja, na kwenye fundo kilichomoza chuma chenye meno. Alikuwa amefunga mbuzi yake ya kukunia nazi. Mbuzi ile alikuja nayo siku ya harusi, na haikuwahi kutoka jikoni kwetu hata kuazimwa. Mtu haendi kusalimia na mbuzi ya nazi. Bibi naye alikuwa chumbani anavuta tasbihi kwa kasi isiyo ya kawaida, maana mkwe akifungasha, mama wa mume hana pa kuweka mdomo.

Nilielekea bafuni, nikapita bafu, nikapita migomba, nikakimbia moja kwa moja hadi kwenye chumvi. Baba alikuwa amechuchumaa ndani ya kibanda cha pampu, amenipa mgongo. Sikumwamkia, na sikumbuki siku nyingine niliyomkuta baba yangu nikakosa kumpa shikamoo.

"Baba, acha pombe," nilisema. "Mama anaondoka na mbuzi yake."

Akageuka polepole. "Pombe gani?"

"Ile ya kwenye chupa. Kwenye sanduku la spana."

Nilitegemea aone aibu, au anipige. Badala yake alinirukia, akanishika taya, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga, akanitazama jicho moja kisha la pili. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. "Uliionja, Tatu? Niambie kweli, mwanangu. Hata kwa ncha ya ulimi?"

Nikamwambia sikuonja, nilinusa tu na nikanawa. Akaniuliza tena. Nikaapa. Ndipo alipokaa chini, palepale kwenye sakafu yenye mafuta, akanivuta kifuani na kusema alhamdulillahi mpaka sauti ikamkauka. Moyo wake uliligonga sikio langu. Ile haikuwa pombe ya kunywa, alinieleza baada ya muda. Ilikuwa spiriti ya injini, sumu, na funda moja tu lingenipofusha au kuniua. Alikuwa ameificha asiione mke, akaiweka kwenye kimo cha mtoto. Siku hizi nikisikia kishindo chumbani kwa binti yangu kisha kimya, naielewa vizuri ile mikono.

Kisha akanionyesha alichokuwa amekiinamia. Ilikuwa injini ndogo kama ngumi yangu, kweli injini, yenye propela mbele na fito mbili nyembamba za chuma zikipanda ubavuni kwenda kusukuma valvu juu. Aliipata ndani ya shehena ya vyuma chakavu Dar es Salaam, alipokwenda kutafuta vipuri vya pampu. Aliponiambia ina mapigo manne sawasawa na jenereta kubwa, inavuta, inashindilia, inalipuka, inatoa, sauti yake ilibadilika ikawa ya mtu anayesifia mtoto. Zile nyingine za ndege ndogo zina mapigo mawili, zinapiga kelele kama msumeno. Hii inanguruma kwa heshima, ndiyo maana hata mimi nyuma ya tuta niliidhani pampu. Alikuwa ameiundia ndege ya mbao nyepesi, anairusha kwa mishipi miwili ya kuvulia huku yeye amesimama katikati, nayo inamzunguka, ingawa kwa ule mwako wa chumvi mimi sikuiona. Asipogeuka pamoja nayo mishipi itamviringika mwilini. Ndiyo maana alizunguka, na ndiyo maana alipomaliza aliyumba. Kidole nacho kilikatwa na propela. Nguo alizibadilisha kwa sababu hakuwa na uhakika kama spiriti inaharibu swala, na aliona haya kumuuliza Mwalimu, maana angelazimika kusema anaifanyia nini.

"Nilitaka iruke vizuri kwanza," alisema. Lakini injini ilikuwa inamsumbua. Ikizunguka kidogo tu inakohoa, valvu zinanata, naye anaifungua upya, anazipima tena nafasi za valvu kwa unene wa wembe, anaifunga, kesho inakohoa tena. Mtu mzima anayechezea ndege ya mbao huchekwa. Alitaka wacheke nayo ikiwa angani.

Nikamkumbusha kwamba Mama ana furushi.

Tulimkuta ameketi barazani anangoja bodaboda ya kumpeleka stendi. Baba hakujitetea. Alisimama chini ya ngazi, chumvi hadi magotini, akamwambia, "Mama Tatu, nifuate hadi kwenye majaruba, uone ninachofanya huko. Ukishaona, kama bado unaondoka, furushi nitakubebea mwenyewe." Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi na miguu yangu iliyojaa matope, akainuka. Furushi hakuliacha, alijitwika kichwani. Bibi naye, bila kualikwa na mtu, akatoka na tasbihi yake akatufuata.

Kwenye jaruba kavu Baba aliiweka ndege chini, akamwomba Mama achuchumae nyuma yake ashike mkia. Siku zote akiwa peke yake aliufunga kwenye msumari, akauchomoa msumari kwa kamba akishafika katikati. Mama akatua furushi, akakunja baibui, akashika, bila kuuliza na bila kumtazama. Baba aliunganisha betri kwenye plagi, akachanganya spiriti na yale mafuta ya nyonyo, ya kulainisha vyuma vya ndani, akajaza tangi, akaipiga propela kwa kijiti maana kidole kilishamfunza. Ilirudi nyuma kwa hasira. Akaipiga tena, ikashika, ikanguruma, na moshi wote ukamwendea Mama usoni.

Baba akaenda katikati, akaokota mishipi, akainua mkono kumwashiria aachie. Mama hakuachia. Akainua tena. Mama alikuwa amefumba macho, pua imeinuka kidogo, anavuta pumzi ndefu ndani ya ule moshi. Baba akadhani amepata hofu, akaanza kurudi. Ndipo Mama alipofumbua macho, akageuza shingo kwa Bibi, akasema kwa sauti ya kuishinda injini:

"Mama, haya si mafuta yako ya maharusi?"

Bibi akasogea, akainama, akanusa, akashika kiuno. "Aliniambia ni ya mgongo," akasema. "Kaomba yaliyo mazuri kabisa. Nikampa yaliyo mazuri kabisa." Na kwa Bibi mazuri kabisa yalikuwa yale aliyoyalaza na asumini, mkadi na karafuu kwa ajili ya nywele za maharusi; yale meupe, matupu, aliyahesabu kuwa ya watoto wenye matumbo. Baba alisimama na mishipi mkononi. Wiki zote zile alizokuwa akiifungua na kuifunga injini, akiilaumu valvu, akiilaumu hewa ya bahari, alikuwa anaikaangia karafuu.

Mama alianza kucheka kwa mabega. Kisha kikamtoka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya lile shati, akawa anacheka na machozi yanamtoka, amekamatia ule mkia wa ndege kama mtu anayeshikilia kuku asitoroke. "Rudi mahali pako, Baba Tatu," alisema alipoweza kusema. "Naachia."

Akaachia. Ndege ikakimbia juu ya chumvi, ikainuka hadi kimo cha kichwa cha Baba, ikaanza kumzunguka, naye akageuka nayo, amenyoosha mkono, uso wake umefunguka kama wa mwanafunzi aliyepewa zamu ya kupiga kengele. Kila ilipopita upande wetu tuliletewa harufu ya harusi. Haikwenda mbali. Ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza, ikateremka taratibu na kuteleza kwenye chumvi mpaka ikasimama. Baba akapiga hatua zake za kaa, akakaa chini. Mimi nilicheka na kulia pamoja, kwa sababu safari hii nilijua ni kizunguzungu. Mama alimwendea, akasimama mbele yake. Sikusikia walichoambiana. Niliona tu ananyoosha mkono, Baba anaushika, anainuka.

Hatukuondoka mara moja. Baba alisema injini hailazwi na spiriti tumboni karibu na bahari, beringi zitaliwa na kutu kabla ya asubuhi. Akaiwasha tena ikanguruma mpaka ikamaliza tone la mwisho, akaidondoshea mafuta ya mashine, akaizungusha kwa mkono polepole ili yaingie kila mahali. Alipotafuta kitambaa cha kuifungia akakuta alicho nacho kimeloa. Mama akapiga magoti kwenye furushi lake. Fundo lilikuwa gumu, alilikaza kwa hasira, ikabidi alifungue kwa meno. Akachomoa kanga kuukuu, akampa. Na furushi likishafunguliwa, mizigo ilibidi igawanywe: Baba alibeba ndege, Mama akabeba nguo mikononi, Bibi akabeba betri huku akilalamika, mimi nikapewa mbuzi. Niliikumbatia njia nzima hadi nyumbani, meno yake yananichoma begani, na sikukubali mtu anipokee.

Niliirudisha jikoni, pale pale kwenye alama yake sakafuni. Mama akavua baibui, akavunja nazi, akaikalia. Alikuna kimya kidogo, kisha sauti yake ya wimbo ikaanza chinichini, ikasimama, na akasema bila kugeuka, "Mama, ukipika tena mafuta, ya Baba Tatu uyatenge kabla hujatia asumini."

"Nitayatenga," Bibi alijibu kutoka uani. "Na mgongo wake nitauchua kwa mwiko."

Mama akaendelea kukuna. Nilijilaza kwenye jamvi karibu naye, nikisikia nazi inavyoshuka kwenye ungo, na usingizi ulinichukua hata chakula hakijaiva.